Kutembea ufukweni Matema na washkaji siku ziwa limechafuka: mwongozo kamili

Watu wengi wa Mbeya wakisikia Matema, ule ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, wanawaza kuogelea, samaki wa kuchoma na kulala mchangani, afu wakifika wakakuta upepo unavuma na ziwa limechafuka wanajifungia vyumbani na simu mpaka muda wa kurudi. Mi nasema hiyo ndo siku ya kutembea. Joto la Kyela mnalijua, siku ya jua bila upepo ukienda kilomita mbili tu umelowa jasho chapachapa, ila siku ya upepo hewa inapita, mawimbi yanapiga kweli kweli, na kundi la watu wanane linaweza kutembea asubuhi nzima bila mtu kulalamika joto. Napenda matembezi haya kuliko outing yoyote ile ya huku kwetu na nataka watu wengi zaidi wayafanye, ila wayafanye vizuri, ndo maana nimeandika kirefu.

Kabla ya yote shika jambo moja: upepo unakula sauti. Ukiwa mbele unaenda kukabili upepo, ukiongea wa nyuma anakusikia maana upepo unampelekea, lakini yeye wa nyuma akiita wewe husikii kitu, na mawimbi yanamalizia kilichobaki. Yaani anayechoka, anayeteleza, anayeishiwa pumzi ni wa nyuma, na ndiye ambaye sauti yake haifiki. Karibu kila ninachosema hapa chini kinatokana na hilo.

Ujue upepo wa aina gani unakusubiri

Ziwa Nyasa lina pepo mbili ambazo mtembeaji inabidi azitofautishe. Wa kwanza ni upepo wa kusini, ule wa kipupwe na kiangazi, kuanzia kama Mei mpaka Agosti au Septemba, ng'ambo ya Malawi wavuvi wanauita mwera. Huu unavuma kwa kufuata urefu wa ziwa na unaweza kushika siku mbili tatu mfululizo. Sasa angalia ramani: ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kule juu kabisa kwenye pembe ya kaskazini mashariki. Ukubwa wa wimbi unategemea nguvu ya upepo, muda uliovuma, na umbali wa maji uliopita bila kuzuiwa, kwahiyo wimbi linalokupiga miguu pale Matema linaweza kuwa limeanza safari mbali sana kusini, hata kama pale ulipo upepo haujawa mkali kivile. Ndo maana wageni wanashangaa hewa imetulia lakini maji yanaunguruma.

Wa pili ni upepo wa mvua, Novemba mpaka Aprili au Mei. Huu hauvumi siku nzima, unakuja ghafla na wingu la radi, unabadilika upande, unashuka kutoka milimani, unapiga dakika ishirini kwa nguvu kubwa afu unaacha mvua. Kwa kutembea, wa kwanza ni rafiki ukimheshimu. Wa pili usimpangie safari. Kama ni mara yenu ya kwanza kama kundi nendeni Juni, Julai au Agosti, upepo upo wa kutosha na mvua ni kidogo. Machi na Aprili hapana, Kyela ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini na vijito vya milimani vinajaa.

Siku mbili kabla angalieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa taarifa za upepo na mawimbi kwa maziwa pia. Wakitaja upepo wa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya kufikia mita 2, hiyo ni onyo, msichukulie kama taarifa ya kawaida tu. Kutembea nchi kavu kwenye sehemu pana bado kunawezekana, ila njia ya mawe na mitumbwi futeni kabisa siku hiyo.

Watu na mchango

Sita mpaka kumi inatosha. Wakizidi kumi na mbili gaweni makundi mawili yenye viongozi wao, maana mstari mrefu kwenye upepo hauongozeki. Fungueni grupu la WhatsApp wiki mbili kabla, chagueni mweka hazina anayeaminika, na mchango uwe umeisha kukusanywa kabla ya Ijumaa, sio mtu anakwambia ntakupa tukifika.

Muulizeni kila mtu afya yake, na muulize kwa faragha sio kwenye grupu. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta na aiweke mfukoni, sio chini ya begi, kwasababu vumbi na hewa ya baridi ya ghafla vinaweza kumwamshia pumu. Mwenye selimundu anaweza kuja vizuri tu, ila baridi ya nguo mbichi kwenye upepo pamoja na kutokunywa maji ndo vitu vinavyoamsha maumivu, kwahiyo awe na nguo kavu ya kubadili na mtu mmoja anayejua hali yake. Anayevaa lenzi za macho aje na miwani badala yake, mchanga hautanii.

Afu mgawane kazi mapema. Kiongozi wa mbele mmoja, na wa nyuma mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anayebaki nyuma yake. Huyu wa nyuma awe mtu mwenye nguvu na uvumilivu kuliko wote, msimpe aliyechoka eti kwa sababu tayari yuko nyuma. Filimbi mbili, moja mbele moja nyuma, za dukani zile za marefa ni bei ndogo. Mkubaliane ishara: mpulizo mmoja simameni, miwili kusanyikeni, mitatu kuna shida njooni. Filimbi inapenya upepo mahali ambapo sauti ya mtu haifiki. Na ishara za mkono pia, mkono juu umenyooka maana yake niko sawa, mikono miwili ikipungwa maana yake nahitaji msaada. Fanyeni zoezi stendi au nyumbani, mkicheka sawa, ila kila mtu awe ameipuliza.

Nguo na begi

Hapa watu wa Mbeya tunakosea kwa sababu tunavaa kwa hali ya hewa ya tunakotoka. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, barabara inapanda zaidi ukivuka milima ya Uporoto, afu inashuka, inashuka, mpaka ziwani ambako ni chini ya mita 500. Asubuhi ya Julai unatoka na sweta na kofia ya sufu unatetemeka, mchana uko Ipinda unajipepea. Vaeni vitu vya kuvua kimoja kimoja: tisheti, juu yake shati la mikono mirefu, juu yake jaketi jepesi linalozuia upepo. Sweta nzito ikilowa na matone ya mawimbi haikaushi na inakuongezea uzito.

Mwavuli acheni nyumbani. Upepo wa kilomita 40 kwa saa unaugeuza ndani nje. Kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni, la sivyo chukua kanga au kitenge ufunge kichwa vizuri, na kwa dada zetu gauni pana au sketi ya kuzunguka ni mateso, vaeni suruali au taiti ndani afu kanga mfunge kiunoni kwa fundo, isiwe ya kuning'inia. Miwani ya jua ni kwa ajili ya mchanga zaidi ya jua. Na losheni ya jua kwa wanaoungua, maana upepo unakupoza ngozi hujisikii kuungua, unakuja kujua usiku.

Miguuni raba zenye kukamata. Kandambili zinachomoka mchangani na kwenye mawe ziwe mwiko, ila makubazi yenye mkanda wa nyuma au yeboyebo zenye mkanda ni sawa kwa ule upande wa mchanga.

Simu na pesa ziwe kwenye kitu kisichoingiza maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwahiyo usiitafute, chukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, lile la kuwekea unga au siagi, weka simu, pawabenki, kitambulisho, kiberiti na dawa (ile ya pumu ibaki mfukoni) ndani, sukuma katikati ya nguo kwenye begi. Nimelipenda kopo kuliko begi lolote la bei, halipasuki, na mkikaa kula linakuwa bakuli.

Maji lita mbili kwa kila mtu, hata kama hakuna joto. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, mtu anadhani hajapoteza maji kumbe kichwa kinachomuuma saa nane mchana ni kiu. Sanduku dogo la huduma ya kwanza: bandeji, plasta, dawa ya kusafisha kidonda, dawa ya maumivu, chumvi za ORS, na maji safi kwa ajili ya kuoshea macho yakiingia mchanga.

Kushuka

Ijumaa ndo siku nzuri ya kushuka, kwa sababu Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, kijiji cha jirani na Matema, na mtatembea mkilikuta. Kosta za Kyela zinapatikana stendi ya Nane Nane, mnapita Uyole, mnapanda Uporoto, Kiwira, Tukuyu, afu mteremko. Pale Kiwira na Tukuyu nunueni ndizi mbivu na parachichi kwa ajili ya kesho, wauzaji wanakuja mpaka dirishani. Kwenda Matema mnashika njia ya Kikusya na Ipinda, lami ipo. Kama mko wengi kodisheni gari moja la kwenu kwenda na kurudi, mnatawala muda. Malazi yapo ya kila bei, nyumba za wageni za KKKT, kanisa la Kilutheri, ziko pale pale ufukweni, ila pigeni simu mapema. Na hakikisheni vyandarua havina matundu, malaria ya Kyela sio ya kuchezea.

Asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza

Amkeni saa kumi na mbili na nusu. Saa moja muwe mchangani mnaangalia, sio mnatembea, mnaangalia. Mara nyingi asubuhi upepo uko chini na unaongezeka kadri jua linavyopanda, kwahiyo unachokiona saa moja ni kiwango cha chini, hakitapungua mpaka jioni.

Usome ziwa hivi. Kama vichwa vyeupe vya mawimbi viko vichache huko ndani, upepo uko kama kilomita 12 mpaka 19 kwa saa, nendeni mnakotaka. Vichwa vyeupe vikiwa vingi na mchanga mkavu umeanza kuruka, ni 20 mpaka 28, hiyo ndo siku yenyewe, nzuri mno. Matawi makubwa ya miembe yakiwa yanatikisika na huwezi kushika mwavuli, ni 39 mpaka 49, tembeeni mpaka Lyulilo mrudi, basi. Mti mzima ukiyumba na wewe mwenyewe unahangaika kutembea, umefika 50 na kuendelea, kaeni ndani mpike, mtatoka kesho.

Afu angalia chini. Kwenye mchanga kuna mstari wa takataka, majani makavu, vijiti, magamba, vipande vya nyavu, umejipanga sambamba na maji. Huo ndo mwisho wa wimbi kubwa la usiku. Weka mguu wako pale ugeuke uangalie maji yako wapi sasa hivi, utaona ni hatua nyingi kati. Ile nafasi yote kati ya mstari na maji ni ya ziwa, linaweza kuirudia muda wowote. Kutembea humo ni sawa kwa sababu mchanga mbichi ni mgumu na hauchoshi, ila begi, viatu na watoto vinakaa juu ya mstari.

Na umuulize mwenyeji. Wazee wa mitumbwi wako macho kabla yenu.

"Shikamoo baba."
"Marahaba. Mnaelekea wapi na upepo huu?"
"Lyulilo, baba, na kama njia inapitika tusogee njia ya Ikombe kidogo."
"Lyulilo mtafika. Huko mbele subirini muone saa nne."

Jibu kama hilo ni utabiri bora kuliko wa simu, kwa sababu yeye ameliona ziwa usiku kucha. Ukisalimia kundi la Wanyakyusa kwa kusema mugonile na ukishukuru kwa kusema ndaga, mnapokelewa tofauti kabisa. Na tafuteni kijana wa pale wa kuwaongoza kama mnataka kupita Lyulilo, mkubaliane malipo mapema, anajua vijito na anajua nani wa kuombwa ruhusa.

Njia yenyewe

Anzeni kwa kuukabili upepo, mrudi umewasukuma mgongoni. Hili halina mjadala. Bahati nzuri Matema imekaa vizuri kwa hilo, ukielekea Lyulilo na Ikombe unaelekea kusini mashariki, kule kule upepo wa kiangazi unakotokea. Nguvu zenu mnazitumia mkiwa wapya na wakati wa kurudi, mmechoka, upepo uko upande wenu. Wanaofanya kinyume wanakwenda mbali bila kujua, wanajiona wana nguvu, afu wakigeuka ndo wanakutana na ukweli. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye mwili wako unaongezeka mara nne.

Kipande cha kwanza ni mchanga kwenda Lyulilo, kama kilomita mbili hivi. Kwa siku ya kawaida ni nusu saa, kwa upepo wa usoni hesabuni saa nzima na msiharakishe. Mtapita mitumbwi ya mti mmoja iliyovutwa juu, nyavu zimeanikwa, kina mama wanaosha vyombo. Salimieni, msipige picha bila kuomba, msikalie mitumbwi ya watu.

Lyulilo Jumamosi ni vyungu. Vinafinyangwa na kina mama wa kabila la Wakisi, wa kijiji cha Ikombe, kwa mkono bila gurudumu, na vinaletwa kwa mtumbwi. Siku ziwa limechafuka sana mitumbwi inakuwa michache na soko linakuwa dogo, ila vilivyofika jana vipo. Ukichagua chungu kining'inize kwenye vidole, kigonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia, sauti inakaa kidogo. Chenye ufa, hata usiouona, kinajibu tu kwa sauti fupi iliyokufa. Angalia na mdomo wake kama uko sawa kote. Ila msinunue wakati wa kwenda, wekeni oda, mlipe mkirudi, kubeba chungu kwenye upepo kilomita zote hizo ni kumpa mtu mzigo wa bure.

Baada ya Lyulilo mambo yanabadilika. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, kilele kikiwa zaidi ya mita 2,000 juu, na ziwa lenyewe linaenda chini karibu mita 700 sehemu yenye kina kirefu. Hamna tena ufukwe mpana, kuna njia ya mguu iliyobanwa kati ya mlima na maji, mawe, mizizi, sehemu za kupanda na kushuka. Hapa ndipo mnahitaji mwenyeji, na hapa ndipo mnaweza kuamua kwamba imetosha. Sehemu yoyote ambayo mawimbi yanafikia njia, simameni kabisa, muangalie dakika kumi kwa saa. Mawimbi hayalingani, yanakuja madogo mengi afu matatu manne makubwa pamoja. Kama ndani ya dakika kumi hata moja limelowesha mahali pa kukanyaga, hampiti. Sio kupita kwa kukimbia kati ya wimbi na wimbi, hampiti. Mwamba uliolowa una utelezi, na mtu akidondoka pale hamuwezi kumfuata.

Upande wa pili, magharibi kuelekea mdomo wa mto Lufilyo, ni tambarare na rahisi, na watu wanaupendekeza kwa sababu hiyo. Mi siupendekezi kwa kundi siku ya mawimbi. Kule mtoni kuna mamba na viboko, na maji yakiwa yamevurugika na matope huoni kitu. Mkitaka kwenda nendeni na mwenyeji, mbali na ukingo, na msivuke mto kwa miguu kamwe.

Jinsi ya kutembea kama kundi

Kasi ni ya yule wa polepole. Mbele ya kiongozi hapiti mtu, nyuma ya wa nyuma habaki mtu, na kati ya mtu na mtu isizidi hatua tano sita, yaani ukinyoosha mkono na mwenzako akinyoosha, mkipiga hatua mbili mnashikana. Kila baada ya dakika chache kiongozi anageuka mwili mzima, sio shingo tu, anahesabu vichwa na kunyoosha mkono juu, wa nyuma anajibu. Asipojibiwa anapuliza mara moja na wote wanasimama.

Anayetangulia ndiye anayepokea upepo wote kifuani, wa pili na wa tatu wanapata unafuu. Kwahiyo badilishaneni wa mbele kila dakika ishirini. Wadogo na waliochoka wakae katikati, nyuma ya watu wenye miili. Inama kidogo kuelekea upepo, piga hatua fupi, begi ukaze mikanda yote lisicheze, kwa sababu begi legelege ndo linalokuyumbisha upepo ukija kwa mikupuo.

Maongezi muhimu yote yafanyikie kwenye kinga. Nyuma ya nyumba, nyuma ya mwamba, kwenye kona ya kichaka. Mkifika kwenye kinga wote msimame, mnywe maji, kila mtu aulizwe kwa jina yuko vipi. Usiulize "jamani mko poa?" kwa kundi zima, watajibu poa wote, hata mwenye malengelenge kisiginoni. Muite mtu: dada fulani, miguu? Kaka fulani, kifua? Hapo ndo utasikia ukweli. Msichague kinga chini ya mti wenye matawi makavu au mchikichi wenye makuti yaliyokauka, upepo unayaangusha.

Wawili wakitaka kurudi mapema, warudi wawili au watatu na filimbi moja na simu, na wawaambie wenyeji wa Lyulilo. Hakuna mtu anayerudi peke yake.

Muda wa kugeuka

Panga kwa saa, sio kwa kilomita wala kwa "tufike pale kwenye ile kona". Kama mmeanza saa moja na nusu, saa nne kamili mnageuka popote mlipo. Kwenye upepo mtu anatembea kilomita mbili au tatu kwa saa mahali ambapo kawaida angetembea nne au tano, na mchana ndo upepo unakuwa mkubwa zaidi. Muda utangazwe asubuhi mbele ya wote ili isionekane kiongozi anaogopa. Mkiwa mmebakiza dakika tano kufika mahali pazuri na saa nne imefika, mnageuka. Najua inauma, ila kundi lililozoea kuongeza dakika tano litaongeza na nyingine.

Kitu kingine, msirudi kwa mtumbwi. Mtakuwa mmechoka, atatokea mtu na mtumbwi atasema dakika ishirini tu mko Matema, na pesa yenyewe sio nyingi. Mkisi aliyezaliwa ziwani anajua kuutuliza mtumbwi wake kwenye wimbi, ila abiria sita wenye mabegi wanaoshtuka na kuhamia upande mmoja ndo wanaoupindua. Bila maboya ya kuvaa ya kutosha watu wote, na ziwa likiwa na vichwa vyeupe, jibu ni hapana, asante baba, tutatembea.

Wingu likibadilika

Hata kiangazi linaweza kutokea. Dalili ni hizi: upande mmoja wa ziwa au juu ya milima pameiva kuwa peusi, upepo uliokuwa unakuja usoni unanyamaza ghafla, afu inakuja hewa ya baridi kutoka upande mwingine. Mkiona hivyo tokeni ufukweni papo hapo kuelekea nyumba ya kweli yenye kuta. Kati ya mmweko na ngurumo hesabu sekunde, kila tatu ni kilomita moja, na ikiwa chini ya thelathini mko ndani ya hatari tayari. Msikae chini ya mti uliosimama peke yake, msikae majini, na msitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Vijito vinavyotoka mlimani vinaweza kujaa hata kama mvua haijawafikia nyie, imenyesha huko juu. Maji yakibadilika rangi na kuanza kubeba majani na vijiti, msivuke, subirini ng'ambo mliyopo.

Namba ziwe kwenye simu ya kila mtu: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, na namba ya mapokezi mlikolala, ambao asubuhi mliwaambia mnaenda wapi na mtarudi saa ngapi. Mtandao chini ya milima usiutegemee, ndo maana ya kuwaambia watu kabla.

Mkisharudi

Badilisheni nguo kwanza, afu ndo mkae. Mtu aliyelowa akikaa kivulini na upepo unampiga anaanza kutetemeka hata kwenye joto la Kyela. Chai ya moto, wali wa Kyela, mbasa wa kuchoma kama wavuvi wamepata, ingawa siku ya mawimbi samaki huwa wachache na bei iko juu, muwe na mpango wa maharage. Oshea macho yanayowasha kwa maji safi, usiyasugue. Angalieni miguu, malengelenge yafunikwe msiyatoboe.

Na kuhusu maji ya ziwa. Siku ya mawimbi makubwa msiogelee, yanavuta miguu na kukutupa kwenye mawe. Hata mliolowa miguu tu mjue Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa sehemu zilizotulia zenye majani na konokono, kwenye vijito na karibu na watu wanapoogea. Kumeza dawa kesho yake haisaidii sana kwa sababu praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, sio michanga. Inayofaa ni kwenda kupima wiki sita mpaka nane baadaye na kutibiwa ikionekana. Watu wote wanasahau, kwahiyo mweka hazina aweke tarehe kwenye grupu siku ya Jumapili mkiwa bado kwenye kosta, kabla hamjatawanyika Nane Nane, na mchango uliobaki usigawanywe, uwe wa vipimo.